Kuyu wa Mama Mkwe

Fimbo ninayovulia niliiunda mwenyewe, kamba yake niliisokota mwenyewe, na ndoana zake nimezivika manyoya kwa mikono yangu. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wengi wakiiona imening'inia kwenye ukuta wa karakana yangu hapa Geita, hudhani niliachiwa na Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Hakuna Mzungu aliyehusika. Kulikuwa na fundi wa pampu na jioni zake.

Kazi yangu ni kukausha mashimo. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, likishapita kina fulani huanza kutoa maji, na likitoa maji dhahabu yote iliyomo si ya mtu tena mpaka pampu iwake. Kwa hiyo naitwa asubuhi, naitwa mchana, naitwa na watu waliolowa hadi kifuani na wenye hasira. Sikusomea ufundi huu darasani. Nilifungua pampu moja baada ya nyingine, nikawa naangalia kipi kinagusa kipi. Uvuvi wa manyoya nao niliuingia kwa mlango huo huo.

Ilikuwa hivi. Nikitafuta kwenye simu namna ya kutoa kutu ndani ya bomba, niliangukia video ya mtu amesimama peke yake kwenye maji ya kisiwa cha bahari ya joto. Maji yalimfika magotini. Alikuwa anamvua samaki wa rangi ya fedha ambaye, kwa maelezo yake, hukimbia hata kivuli cha ndege. Hakuwa na boti wala mtu wa kumwonyesha. Kila kitu alikuwa amejitafutia. Lugha yake niliielewa nusu. Mikono yake niliielewa yote.

Kilichonikamata ni jambo moja. Katika uvuvi wa ndoana tunaoujua, uzito ni wa risasi au wa jiwe: unarusha jiwe, na kamba inalifuata. Yule bwana hakuwa na jiwe. Ndoana yake, aliyoiita nzi, ilikuwa na unyoya tu, kitu ambacho ukikipuliza kinaondoka. Uzito ulikuwa kwenye kamba yenyewe. Kamba ndiyo iliyorushwa, na unyoya ulifuata nyuma kama abiria. Usiku ule sikufikiria kutu tena.

Kamba ya namna ile madukani kwetu haipo. Nilinunua uzi wa kushonea nyavu, nikafunga ncha moja kwenye bawaba ya mlango na nyingine kwenye drili, nikasokota. Ilitakiwa iwe nene upande wa mkononi na izidi kuwa nyembamba kuelekea ndoana, kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa nilipunguza nyuzi. Kamba ya kwanza ilijikunja kama utumbo wa mbuzi. Nilikuwa nimesokota nyuzi zote upande mmoja. Nikajifunza kusokota mafungu upande wa kulia, kisha kuyaunganisha kwa kuyasokota kushoto, ili kila msokoto uuzuie mwingine. Baada ya hapo niliipaka nta ya nyuki ambayo mteja mmoja, mkulima wa tumbaku wa Ushetu, aliniletea kwenye kopo la maziwa. Kamba ikawa laini, nzito, na ikaelea.

Fimbo niliipata kwa kuchonga na kuunganisha vipande vya mlingoti wa bendera wa fiberi. Gurudumu la kukunjia kamba lilikuwa puli ya pampu iliyokufa. Kwenye ndoana nilifunga manyoya ya kanga, nywele za mkia wa ng'ombe, na waya mwembamba wa shaba niliouchambua kwenye mota iliyoungua. Waya ule ndio uliozamisha ndoana mpaka chini. Nikiishika ile ndoana kiganjani, naona kazi zangu zote humo.

Lakini kurusha kulinishinda kwa muda mrefu, na sababu yake ni ya kwetu. Nimezaliwa upande wa Mwadui, nje ya uzio wa mgodi wa almasi, kwenye nyumba ya wafugaji wa ng'ombe. Mkono wangu ulijua kuliza mjeledi kabla haujajua kushika kalamu. Sasa mjeledi na kamba hii ni ndugu wanaochukiana. Mchunga ng'ombe huvuta mbele kabla mjeledi haujanyooka nyuma. Hapo ndipo unapolia, na ng'ombe anageuka. Ukivuta hivyo kwa kamba ya manyoya, inalia vizuri kabisa, na ndoana inakatika inakwenda zake. Nilizipoteza ndoana nyingi kwenye nyasi za uwanja wa mpira nyuma ya karakana.

Wachimbaji waliokuwa wakipita kutoka kwenye maduara walisimama kutazama.

"Fundi, unachapa ng'ombe gani?"

"Wamekwenda kunywa maji."

"Basi wakirudi utawatambua? Maana hapa umewachapa upepo tu mpaka wamekonda."

Mmoja wao alikuwa Mgogo, mtani wangu, naye hakukubali kupita bila kutia lake. "Mwacheni. Msukuma akikosa ng'ombe huchunga nyasi."

"Na Mgogo akikosa nyasi?" nilimuuliza.

"Huja Geita, anatazama Msukuma akichunga." Wakaondoka wakicheka, na mimi nikabaki najifunza kungoja. Dawa ilikuwa hiyo tu: kurusha nyuma, kusimamisha fimbo, kuiacha kamba inyooke yote bila sauti, kisha kuleta mbele. Siku niliporusha jioni nzima bila kamba kulia hata mara moja, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Mke wangu aliniangalia akasema, "Leo pampu ya nani imepona?"

Mke wangu ni Mzinza. Kwao ni kisiwa kidogo ndani ya ziwa, safari ya mtumbwi wa injini kutoka mwalo wa Geita. Baba yake alishafariki; mama yake yuko, na kaka yake, shemeji yangu, ni mvuvi wa sangara. Shemeji ndiye aliyeniita kisiwani kufunga pampu ya jua ya kuvuta maji ya ziwa hadi kwenye tangi la kijiji. Nilipakia zana zangu, na juu yake nikafunga fimbo kwa mpira wa baiskeli.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo yote yanayofuata hayaeleweki. Kwetu Wasukuma, na kwao Wazinza vilevile, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Simpi mkono. Sili naye. Silali chini ya paa lake. Nikimkuta njiani, mimi ndiye ninayepisha, nachuchumaa kando, nageuza uso, namwamkia nikiwa hivyo, na sinyanyuki mpaka apite. Akiwa na neno na mimi, humwambia mtu mwingine, hata kama nipo hatua chache kutoka kwake na nimesikia. Wako vijana siku hizi wanaowapigia wakwe zao simu na kuwatania. Mimi sijafika huko, na wala sina haraka.

Kwa hiyo nililala kwa shemeji. Jiko la mama mkwe lilikuwa linapakana na uwanja wa shemeji, ukuta wa miti na udongo ukiwa katikati. Jioni ya kwanza tulikuwa tunakula ugali na dagaa, shemeji na mimi, na mama mkwe alikuwa upande wa pili anapuliza moto wake. Nikamsikia anamwambia mwanawe kupitia ukutani:

"Zamani tulikuwa tunakula kuyu. Siku hizi samaki wote wanapanda gari la barafu."

Kuyu si samaki wa biashara kubwa. Ni wa rangi ya shaba, magamba yake mapana kama sarafu za zamani, midomo minene yenye ndevu fupi, na nyama yake tamu imejaa miiba myembamba inayotaka mtu mwenye subira. Mchana ule, nikipima urefu wa bomba ufukweni, nilikuwa nimeona kitu. Upande wa kisiwa unaotazama machweo kuna mchanga mweupe unaoingia ziwani kwa mteremko mdogo sana. Maji pale ni safi kiasi kwamba kokoto za chini zinahesabika. Na juu ya maji nilikuwa nimeona mikia. Samaki walikuwa wameinamisha vichwa wakichimbua konokono mchangani, na mikia yao ilichomoza hewani, ikitikisika. Ilikuwa ni ile ile video, ila bila bahari.

Mdomo wangu ulitangulia. "Shemeji," nilisema, kwa sauti ya kupita ukutani, "mwambie mama, kabla sijaondoka hapa atakula kuyu."

Shemeji aliacha tonge hewani. "Kwa wavu wa nani?"

"Bila wavu."

"Kwa chambo gani? Kuyu wa mchangani hagusi chambo. Tumemtupia minyoo, tumemtupia dagaa, tumemtupia hata ugali wa mama huyu huyu. Anakuangalia anaondoka."

"Kwa nzi wa manyoya. Nimemtengeneza mwenyewe."

"Nzi?" Shemeji alitazama juu ya sahani yetu ya dagaa, ambako nzi wawili watatu walikuwa wanazunguka. "Shemeji, nzi tunao. Ungesema, tusingekusumbua kubeba mzigo."

 Upande wa pili wa ukuta nikasikia kicheko kidogo, cha mtu aliyefunika mdomo kwa khanga, na baada yake sauti ikasema taratibu, "Mwambie nkwilima nimesikia. Chungu nitakiosha."

Nkwilima ni mkwe mwanaume, kwa Kisukuma. Mama wa Kizinza alilitumia neno la kwetu ili nisije nikadai baadaye kwamba sikuelewa. Ndipo nilipotambua nilichokifanya. Ukimwahidi shemeji ukashindwa, mnacheka. Mama mkwe ukimwahidi, ahadi inakaa kwenye ukoo. Watoto wangu wangekuja kisiwani kwa bibi yao na kuambiwa baba yao ni mtu wa maneno.

Asubuhi iliyofuata nilishuka mchangani kabla ya kuanza kazi. Shemeji alikuwa amenihakikishia kwamba viboko hulala upande wa pili, kwenye matete, na kwamba mamba pale hajaonekana siku nyingi. Nikatazama vizuri mwenyewe hata hivyo. Nilivaa buti ndefu za mpira, zile za wachimbaji, kwa sababu ya kichocho. Nikaingia mpaka magotini, nikasimama kama yule bwana wa kwenye simu. Mikia ilikuwapo. Nikarusha vizuri, bila mlio. Kamba ilikuwa bado hewani wakati mikia yote ilipotoweka kwa pamoja, na maji yakabaki na alama kama ya kitambaa kilichovutwa.

Kesho yake hivyo hivyo. Nilivua shati jeupe nikavaa la rangi ya udongo. Nikageuka ili jua liwe usoni kwangu na kivuli kibaki nyuma. Nikapaka fimbo matope isimetemete. Kila badiliko lilinipa hatua kidogo, lakini halikunipa samaki. Nilikuwa nafanya kama ninavyofanya kwenye pampu: nabadilisha kitu kimoja, naacha vingine, naangalia. Kuyu nao walikuwa wananiangalia.

Shemeji alikaa juu ya jiwe na mswaki wake mdomoni. "Hawa unaowaona wamepigwa katuli," aliniambia. Katuli ni ule uvuvi wa kupiga maji kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Umekatazwa, na wapo wanaoufanya. "Walionusurika ndio hawa. Kwao kila kinachosimama juu ya maji ni mtu mwenye mti. Na wewe umesimama, na mti unao."

"Unao ushauri mwingine?"

"Ninao. Chungu kinakusalimia. Mama amekiosha tena, amekifudikiza kwenye kichanja."

Alinipa salamu hizo kila asubuhi. Chungu kilikuwa kizima. Chungu kimeuliza kama nimeamka. Chungu kimepata vumbi kidogo, kimepanguswa. Wakati huo huo pampu ilikuwa inakwenda vizuri kuliko nilivyotaka: paneli zilikwisha kufungwa, bomba limelazwa, tangi limeanza kupokea maji ya majaribio. Kazi ikiisha, mtumbwi ungenirudisha Geita, ambako maduara yalikuwa yananisubiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi nilitamani kitu kiharibike.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa majini nimesimama, samaki wameshanikimbia mara moja na nangoja watulie, nikasikia nyuma yangu ndoo ikigongana na kata. Sikuhitaji kugeuka. Ile ni njia ya wanawake wanaokwenda kuchota maji kwenye miamba, na kikohozi kile nilikifahamu: mtu anayekohoa ili aliye mbele apishe.

Njia ya kupisha haikuwapo. Mbele palikuwa na ziwa. Nikachuchumaa pale pale, majini, uso nikaugeuzia kwenye maji, fimbo nikailaza juu ya mapaja.

"Shikamoo, mama," niliyaambia mawimbi.

"Marahaba," mawimbi yakajibu kwa nyuma.

Maji yaliingia kwenye buti zote mbili kwa juu, baridi, mpaka zikajaa. Nikangoja apite. Hakupita. Alikuwa amekutana na jirani aliyekuwa anarudi na ndoo yake, na wakaanza kuzungumza. Sijui lilikuwa jambo gani, lakini halikuwa dogo. Magoti yangu yalianza kulalamika, mgongo ukafuata. Sikuweza kunyanyuka, mtu hanyanyuki mbele ya mama mkwe kwa sababu ya magoti. Nikabaki kama kisiki.

Na kuyu wakarudi.

Kwanza niliona mkia mmoja mbali. Kisha mitatu karibu zaidi. Kisha vichwa vikawa vinatambaa mchangani mbele yangu kabisa, karibu kiasi kwamba ningeweza kuwagusa kwa ncha ya fimbo. Niliona ndevu zao. Niliona mmoja akitema ganda la konokono kama mtu anavyotema mbegu ya chungwa. Walizipita buti zangu kama wanavyopita mawe. Sauti za wanawake wawili juu ya ufuko hazikuwasumbua hata kidogo. Hizo walizizoea tangu wakiwa wadogo. Kilichowatisha siku zote ni urefu wangu.

Mama mkwe alipomaliza maongezi yake na kuondoka, nilijaribu kusimama, na samaki wote wakapotea. Niliingia kazini siku ile natembea kama mzee, buti zinalia maji. Kwenye video yule bwana alikuwa amesimama kwa sababu samaki wake hawajui katuli. Mimi nilikuwa nimemwiga kila kitu hata pasipotakiwa. Jibu nilikuwa nalo tangu nilipooa.

Kurusha ukiwa umechuchumaa ni kazi nyingine kabisa. Kamba ikirudi nyuma inagusa maji. Nilijifunza upya mchangani nyuma ya nyumba ya shemeji, baada ya kazi: fimbo ikilala kando, mkono ukipita chini kama mtu anayefagia, kamba ikisafiri karibu na ardhi. Nilipunguza waya wa shaba kwenye ndoana ili ianguke kwa upole. Shemeji alitoka na kikombe cha chai, akanikuta nimechuchumaa, nafagia hewa.

"Sasa unamwamkia nani? Mama yuko jikoni."

"Nafanya mazoezi ya adabu."

"Kaka yangu," alisema, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza hakucheka, "kesho jioni mtumbwi unaondoka."

"Najua."

"Mama naye anajua."

Asubuhi ile ya mwisho ziwa lilikuwa limetulia. Tangi lilikuwa limejaa. Pampu yangu ilikuwa inafanya kazi bila mimi, kama inavyotakiwa. Nilishuka mchangani, na kabla ya kufika majini nikachuchumaa, nikaingia hivyo hivyo, hatua za bata. Nikangoja. Shemeji alikuwa juu ya jiwe lake. 

Mikia ilikuja kutoka upande wa miamba, ikisogea taratibu. Nilimchagua wa pembeni. Fimbo ikapita chini, kamba ikaenda nyuma, nikangoja inyooke. Hapo ndipo mjeledi ulipotaka kulia na mimi nikaukatalia. Ikaja mbele. Ndoana ilianguka mbele ya kuyu bila kutoa hata duara moja la maana kwenye maji, ikazama. Nikaivuta kidogo, upana wa kidole, kama konokono aliyeamua kuhama. Kuyu akasimama. Akainamisha kichwa. Mkia wake ukapanda juu, ukatikisika.

Sikunyanyua fimbo. Nilivuta kamba kwa mkono wa kushoto, taratibu na kwa uhakika, na upande wa pili kitu kizito kikakataa.

Kilichofuata hakikuwa na utulivu. Ule mchanga wote ulipasuka. Kamba ilikimbia vidoleni mwangu, ikamaliza yote iliyokuwa imelegea, ikafika kwenye puli, na puli ya pampu iliyokufa ikaanza kuimba. Haina breki. Niliizuia kwa kiganja, na kiganja kikapata joto. Shemeji aliruka kutoka kwenye jiwe.

"Simama! Simama sasa, mtu wa ng'ombe! Amekwisha kukuona!"

Nikasimama. Magoti yalikataa, yakakubali. Kuyu alikuwa anakwenda kwenye miamba, na kamba yangu ya uzi wa nyavu isingefua dafu ikigusa mwamba. Nikatembea kando, nikalaza fimbo upande wa mchanga, nikamgeuza kama unavyomgeuza ndama anayekimbilia shamba la mtu: humpingi mbele, unamvuta kichwa kidogo pembeni. Huo nao ulikuwa ujuzi wa nyumbani, na safari hii ulifaa. Akageuka. Akakimbia tena, mbio fupi zaidi. Shemeji aliingia majini na suruali yake, hakumgusa, alinyoosha mikono tu huku na huku kama mlinda mlango.

"Usimguse!"

"Simgusi! Nani anamgusa? Namwangalia tu!"

Kuyu alipolala ubavu kwenye maji ya kifundo cha mguu, rangi yake ilikuwa kama waya wa shaba uliotoka kusuguliwa. Unyoya wa kanga ulikuwa kwenye kona ya mdomo. Nilimkamata nyuma ya kichwa, nikamvuta nchi kavu, nikakaa chini karibu naye. Shemeji alimtazama samaki, akaitazama ndoana, akanitazama mimi. Hatimaye alisema, "Nzi huyu. Hebu nimwone."

Ndoana sikuitoa. Niliiacha mdomoni makusudi, kwa sababu kijijini kulikuwa na watu ambao wangesema wavu. Tulipanda naye njiani, na kila aliyetupita aliinama kuangalia unyoya.

Kumkabidhi kulikuwa na utaratibu wake. Nilikata jani la mgomba, nikamlaza kuyu juu yake kwenye jiwe la mbele ya jiko, nikakohoa, kisha nikazunguka nyuma ya ukuta. Nikasikia mlango. Nikasikia nyayo zikisimama. 

"Mwulize nkwilima," sauti ilisema, "alimpataje."

Shemeji aligeuka kwangu, ingawa nilikuwa nimesikia. "Unaulizwa ulimpataje."

Ningeweza kueleza habari ya kamba na nta. Nilisema lililo kweli. "Mwambie mama, ni kwa sababu siku ile alinikuta majini, nikachuchumaa. Samaki walidhani mimi ni jiwe. Bila yeye nisingejua."

 Ukutani kikapita kicheko ambacho safari hii hakikufunikwa na khanga. Alicheka mpaka akakohoa, na nikasikia chungu kikiinuliwa kutoka kwenye kichanja.

Alimpika kwa nyanya na ndimu, bila kitu kingine. Nilikaa upande wangu wa ukuta nikimsikiliza anakula. Mtu anayekula kuyu anasikika: hazungumzi, na kila baada ya muda mwiba unawekwa kwenye ukingo wa sahani. Ulikuwa mlo wa polepole sana. Kichwa aliniletea mimi kupitia kwa shemeji, na kichwa hapewi kila mtu. Nilikila chote, mpaka kwenye mashavu.

Jioni mtumbwi ulikuwa unaungurumisha injini. Nilipita njia ya ufukweni na mzigo wangu, fimbo ikiwa juu, na pale kwenye njia ya maji nikasikia kile kikohozi. Nikaweka mzigo chini, nikachuchumaa, nikageuza uso ziwani. Shemeji, aliyekuwa nyuma yangu, alipokea kitu, akakiweka mchangani karibu na mguu wangu. Kilikuwa mfuniko wa chungu, na juu yake ndoana yangu, imeoshwa, unyoya umekaushwa na kunyooshwa.

"Mwambie nkwilima," sauti ilisema, "akija tena, nitapita pale pale. Na nitakwenda polepole."

Nilitafuta jibu linalofaa, na lilipofika nikasema, "Shemeji, mwambie mama nashukuru. Mwambie nitakuja."

Hakuna aliyelipokea. Nikatupa jicho pembeni: shemeji alikuwa ameshashuka kwenye maji, bega lake kwenye mtumbwi, anausukuma. Kati yangu na mama mkwe hapakuwa na mtu wa kulibeba lile neno.

Nilibaki nimechuchumaa, uso ziwani.

"Mama amesikia," sauti ikajibu.